Simu ya Kazi Inapoingia Jikoni: Somo kwa Vikundi

Somo letu la mara hii ni juu ya simu. Hatusemi simu ya kusalimia jamaa wala ya kutuma karo ya shule. Tunasema juu ya simu ya kazi, ile ya kisasa yenye kioo cha kugusa, ambayo mtu hupewa na mkubwa wake au hulazimika kujinunulia ili aweze kupokea maagizo, kujaza ripoti na kutuma picha ya kazi aliyofanya.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu katika vikundi tunavyovitembelea tunasikia malalamiko ya aina moja. Mama mmoja anasema siku hizi chakula chake hakiivi, ama ni kibichi ama kimeungua. Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema mke wake ameolewa na simu, watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Mlinzi wa usiku anaitwa mchana aandike ripoti wakati anapaswa kulala. Karani wa maziwa amefunga kituo saa nne asubuhi, lakini mpaka saa tano usiku wakulima bado wanamwandikia, "Mbona kilo zangu ni pungufu?"

Wengine watasema haya ni mambo ya watu wa ofisi za Nairobi. Si kweli. Kijijini ndiko yanakouma zaidi, kwa sababu huku mfanyakazi huyo huyo ana shamba, ana ng'ombe, ana wagonjwa wa kuangalia na ana kikundi. Akitoka kazini ndipo kazi ya pili inaanza.

IGIZO LA KUANZIA

Kiongozi wa somo achague watu sita siku moja kabla, wafanye mazoezi kidogo. Msimamizi na Jirani wasimame nyuma ya watazamaji, wasikike sauti tu. Mama awe na sufuria, mwiko na simu, hata kama ni ya udongo.

(Ni jioni. Mama, ambaye ni mhamasishaji wa afya kijijini, anasonga ugali. Simu inatoa mlio.)

BABA: Mama watoto, hiyo simu yako.

MAMA: Naisikia. Wacha kwanza ugali uive.

(Mlio tena, mara mbili.)

MSIMAMIZI: Ripoti yako ya nyumba za wiki hii sijaiona. Wenzako wote wametuma.

MAMA: (mwiko mkono mmoja, simu mkono wa pili) Ai! Saa tatu usiku jamani?

MTOTO: Mama, mwalimu amesema mzazi aangalie hesabu zangu atie sahihi.

MAMA: Kesho asubuhi, mwanangu.

BABA: Kesho gani? Hata jana ulimwambia kesho.

(Simu inaita.)

JIRANI: Daktari, pole kwa usumbufu. Nilikuwa nataka tu kujua kama vyandarua vimekuja.

MAMA: Bado jirani. Vikija mtatangaziwa.

BABA: Na huo ugali ndio unaungua hivyo.

(Simu inaita. Mama anaikata. Inaita tena.)

MAMA: Leo sishiki tena! (Anaifunika chini ya mto.)

(Jirani wa pili anakuja mbele, amebeba mtoto.)

JIRANI WA PILI: Hashiki. Na mtoto ameshikwa na degedege. Sasa tufanye nini?

Igizo liishie hapo. Kiongozi asieleze kitu. Aulize tu, "Mmeona nini?" kisha anyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Kwa kawaida watu huanza kwa kutafuta mkosaji. Wengine watasema Mama amefanya vibaya kuficha simu. Wengine watamlaumu Baba, mbona yeye hakushika mwiko? (Hilo ni swali zuri, kiongozi asilipite haraka.) Wengine watasema msimamizi hana adabu. Waache waseme. Baadaye kiongozi aulize, je, simu ngapi ziliingia, na ni ipi iliyokuwa haiwezi kungoja? Watahesabu na kuona kwamba ni ile ya mwisho tu. Na ndiyo hiyo isiyoshikwa, kwa sababu zile nyingine zilikuwa zimekwisha kumchosha Mama. Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Mfanyakazi asiyepumzika hufika mahali masikio yake yanakufa, na anayeumia si yeye peke yake.

TULIKOTOKA

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka hali ilivyokuwa. Kabla ya mwaka 2000, kampuni za simu za mkononi zilipoanza kuuza kwa watu wa kawaida hapa Kenya, simu ilikuwa kitu cha ofisi, cha posta au cha kibanda cha barabarani. Mwalimu akifunga ubao, kazi ilibaki shuleni isipokuwa yale madaftari aliyobeba. Karani akifunga mlango, mtu angemfuata nyumbani kwa miguu tu, na aliyekuja kwa miguu alikuwa na shida kweli. Ule umbali ulikuwa kama ua, ulichuja mambo.

Mwaka 2007 pesa zikaanza kupita katika simu. Baadaye zikaja simu za kioo, na vikundi vya WhatsApp vya kila kitu: vya shule, vya kazi, vya matanga, vya arusi. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu kufanya kazi nyumbani pale ilipowezekana. Ugonjwa ukapungua, ofisi zikafunguliwa, lakini ile desturi ya kumtafuta mtu nyumbani ikabaki.

Tusiwe watu wa kulaani simu, lakini. Tumewaona wahudumu waliokuwa wakibeba madaftari makubwa na kutembea mwendo mrefu kwenda kupeleka hesabu za mwezi. Leo hesabu ile ile inakwenda kwa simu na miguu inapumzika. Mama anayefanya kibarua mbali anaweza kuuliza kama mtoto amekula. Fundi hapati tena hasara ya kwenda kwa mteja asiyekuwepo. Simu imepunguza safari. Swali ni hili: ule muda uliookolewa umekwenda kwa nani?

MFANO WA WAHAMASISHAJI WA AFYA

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima. Walipewa mikoba yenye vifaa kama vya kupima shinikizo la damu, sukari na joto la mwili, na simu za kisasa za kuandikia habari za kila nyumba. Kila mmoja anahudumia nyumba kama 100. Posho ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na katika kaunti kadhaa wamelalamika kwamba inachelewa.

Hebu tupige hesabu, kikundi kizima kwa pamoja. Shilingi 5,000 ukigawa kwa nyumba 100 ni shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi. Tuseme anatumia bando ya shilingi 20 kila siku kwa ajili ya kazi, na hakuna anayemrudishia. Kwa siku 30 ni shilingi 600. Amebaki na 4,400. Tuseme analipa shilingi 10 kuchaji simu dukani kila siku ya pili, hiyo ni 150 nyingine. Halafu hesabu siku za kupalilia alizozipoteza. Mtu huyu analipwa kidogo, na sehemu ya hicho kidogo anakirudisha katika kazi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawajaelezwa vizuri. Programu wanayotumia kuandikia habari za nyumba imetengenezwa ili ifanye kazi hata mahali pasipo mtandao. Unajaza ukiwa nyumbani kwa mtu, inajiwekea, halafu simu ikipata mtandao inatuma. Kwa hiyo hakuna sababu ya kazi hiyo kufanywa usiku chini ya taa. Ijazwe pale pale, mbele ya mwenye nyumba, na itumwe siku ukipita kwenye mtandao. Tumeona wengi wanaandika kwanza katika daftari mchana, kisha usiku wanaanza kuhamisha kwenye simu. Hiyo ni kazi moja inayofanywa mara mbili, na mara ya pili inafanywa kwa saa za watoto. Anayeogopa kukosea kioo cha simu aombe mwenzake amfundishe, asione haya.

Lakini tatizo kubwa si programu. Ni ule ujumbe wa "Umefika wapi?" Katika WhatsApp zile alama mbili zikigeuka buluu, aliyetuma anajua umesoma. Basi mtu akishasoma anaona lazima ajibu, maana akinyamaza ataonekana mvivu au mjeuri. Mwenye posho anaogopa kuondolewa. Kibarua anaogopa kwamba kesho hataitwa. Mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri ya shule anaogopa mkataba wake hautarudiwa. Mwenye kazi ya uhakika anaweza kuizima simu akalala. Aliye chini kabisa ndiye anayelala nayo kichwani.

MWILI UNASEMAJE

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao ya pamoja. Waliona kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Walikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa magonjwa hayo kutokana na saa ndefu za kazi.

Kuna mkulima mmoja aliyetuuliza, "Na sisi je? Mimi naamka saa kumi ya usiku kukamua, ng'ombe hajui Jumapili. Mbona mimi hamnihurumii?" Swali hilo lina haki yake, na tulilijadili kwa muda mrefu. Tuliona tofauti ni mbili. Mkulima anajua ng'ombe atakamuliwa mara ngapi, na akishamaliza amemaliza. Mwenye simu hajui itaita lini, kwa hiyo hata wakati haiiti anaingoja. Kungoja nako ni kazi, muulize mlinzi. Tofauti ya pili ni kwamba maziwa ni ya mkulima mwenyewe.

NYUMBA NA SIRI

Tumekuta nyumba ambamo simu ya kazi imeleta ugomvi wa kweli. Mke anaitwa usiku na sauti ya mwanamume, au mume anatoka nje kuzungumza "mambo ya kazi". Mwingine ananyang'anywa simu ikaguliwe. Hapa tunasema wazi, bila kuzunguka. Simu ya mhudumu wa afya ina siri za wagonjwa: nani ana mimba, nani anatumia dawa gani, mtoto wa nani hajachanjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Mume hana ruhusa ya kuzisoma, wala watoto wasipewe simu hiyo wachezee. Kwa upande mwingine, mwenye simu anaweza kuituliza nyumba yake bila kutoa siri. Ajibu simu mbele ya watu wa nyumbani pale inapowezekana, aseme ni kazi gani, na ikiwa ni jambo la mgonjwa aseme tu kwamba ni la mgonjwa.

Nyumba moja tuliyoitembelea wametundika kikapu karibu na mlango. Wakati wa chakula cha jioni simu zote zinaingia humo, za wazazi na za kijana wao. Baba wa nyumba ile alituambia wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kwake kuliko kwa mtu yeyote. Tulipenda ukweli wake.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yafaayo, na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inasema mfanyakazi apate angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Kifungu cha 28 kinampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, yenye malipo. Tunaona siku ya mapumziko ambayo mtu ameshinda akijibu ujumbe wa mkubwa wake ni mapumziko ya jina tu, iwe ni Ijumaa, Jumamosi au Jumapili kwa kila mtu na imani yake. Papa Leo wa 13 alilisema hilo la siku ya kupumzika katika waraka wake wa mwaka 1891, enzi za viwanda vya mvuke.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa zikae na wafanyakazi zijadili haki yao ya kutopatikana kwa simu baada ya kazi. Hapa kwetu seneta wa Nandi alipeleka muswada wa namna hiyo katika Seneti mwaka 2022, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Muswada si sheria. Mtu asiende kwa mwajiri akiushika kama fimbo.

Tena kuna shimo ambalo lazima tulionyeshe. Mhamasishaji wa afya hulipwa posho, si mshahara. Wengi wa vibarua hawana barua ya kazi hata moja. Kwao hivyo vifungu vya Sheria ya Ajira si rahisi kuvishika. Kwa watu wa namna hii, mapatano yanayoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote yatafaa kuliko kungoja Nairobi.

KAZI YA KIKUNDI: PUNJE ZA MAHINDI

Kabla ya kwenda kuzungumza na mtu yeyote, mpate hesabu. Maneno ya "tunasumbuliwa sana" hayamtikisi mkubwa. Hesabu humtikisa.

Kila mwenye simu ya kazi achukue mikebe miwili na punje za mahindi. Kwa siku 7, kila ujumbe au simu ya kazi inayoingia baada ya saa kumi na mbili jioni, au siku yake ya kupumzika, atie punje moja. Kama jambo lilikuwa haliwezi kungoja hadi asubuhi, punje iingie mkebe wa kwanza. Kama lingeweza kungoja, iingie wa pili. Asiyejua kusoma anaweza, na mtoto anaweza kusaidia. Tuseme mtu amekuja na punje 3 katika mkebe wa kwanza na 37 katika wa pili. Mimineni mezani mafungu hayo mawili, yatazameni. Mwenye punje nyingi katika mkebe wa kwanza naye asikilizwe vizuri, kwa maana yeye anahitaji mwenzake wa kupokezana zamu, si kunyamazisha simu.

Tunavyoona sisi, si sawa mhudumu wa afya kuzima simu usiku kucha bila mpango. Mpango wa zamu ndio wa maana. Wahamasishaji 10 wakipokezana, kila mmoja anashika usiku 3 tu kwa mwezi, na zile nyingine 27 analala. Namba ya mwenye zamu ibandikwe dukani, kanisani, msikitini na kwa mzee wa kijiji. Mwenye zamu kazi yake ni kupokea simu na kushauri, si kutembea peke yake gizani. Na wanakijiji wote wafundishwe jambo moja wasilisahau: mtoto mwenye degedege, anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyelegea hata haamki, apelekwe kituo cha afya mara moja. Asingojeshwe mpaka mhamasishaji ashike simu. Mkijua hilo, hata mwisho wa lile igizo ungekuwa mwingine.

Sasa tugeuze kioo kidogo kijitazame. Hivi vikundi vyetu vyenyewe, si ni waajiri? Mwekahazina halipwi kitu, lakini akitumiwa mchango saa tano usiku anaulizwa pale pale, "Umeona?" Katibu anatukanwa kwa sababu hakuandika taarifa siku ya matanga yake mwenyewe. Wenyeviti wengine (tunasema kwa heshima) hupata mawazo yao mazuri usiku wa manane na kuyatuma hapo hapo. Kikundi kinachotaka msimamizi wa zahanati aheshimu saa za watu kianze kwa mwekahazina wake. Andikeni katika katiba ya kikundi kwamba michango ithibitishwe siku moja ya juma, na kwamba ujumbe wa kikundi utumwe kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni, isipokuwa kifo au ajali. Wengi hawajui pia kwamba mkuu wa kikundi cha WhatsApp anaweza kukipanga ili viongozi tu ndio waandike. Vikundi vikubwa hufaidika sana na hilo, ingawa linaweza kuwanyamazisha wanachama wenye malalamiko ya haki. Muwe waangalifu.

MAMBO MACHACHE YA SIMU YENYEWE

Kanuni moja ambayo tumeona inasaidia kuliko zote ni hii: jambo la haraka lipigiwe simu, lisiandikwe. Mkikubaliana hivyo na wasimamizi na majirani, kila ujumbe ulioandikwa unaweza kungoja kukuche, na mtu anaweza kunyamazisha ujumbe wote bila hofu.

Kunyamazisha ni rahisi. Katika WhatsApp unaweza kunyamazisha kikundi kwa saa 8, kwa juma 1, au daima, na hakuna mwanachama anayejulishwa kwamba umefanya hivyo. Zile alama za buluu nazo unaweza kuziondoa, ila hata wewe hutaziona za wengine. Simu nyingi za kisasa zina pia hali ya kutosumbuliwa, ambayo unaipanga ianze yenyewe jioni na kuisha asubuhi. Ndani yake unaweza kuchagua watu wachache ambao simu zao zitalia hata hivyo, na mtu akipiga mara mbili ndani ya dakika 15 simu ya pili inaweza kuruhusiwa kuita. Wafundisheni majirani: ukiwa na shida ya kweli usiku, piga mara mbili. Vijana wa kikundi wapewe kazi ya kuwapangia wakubwa simu zao, watamaliza kwa dakika chache.

BARUA

Punje zikishahesabiwa, watu wasiende kwa msimamizi mmoja mmoja. Anayekwenda peke yake huitwa mkaidi. Nendeni angalau watatu, na barua. Tunatoa mfano, kila kikundi kiibadilishe kulingana na hali yake:

"Kwa Msimamizi wetu. Sisi wahamasishaji kumi wa eneo hili tumehesabu simu na ujumbe wa kazi wa jioni kwa siku saba, na hesabu tumeiambatanisha. Tunaipenda kazi yetu na tunataka tuifanye vizuri. Tunaomba tukubaliane kwamba ripoti ya juma iitishwe kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, kwamba jambo la dharura tupigiwe simu badala ya kuandikiwa, kwamba zamu za usiku zifuate orodha tuliyoandika, na kwamba tuelezwe ni nani atakayelipia bando ya kazi. Tuko tayari kukutana nawe siku yoyote ya kliniki."

Msimamizi naye mumsikilize. Mara nyingi naye anasukumwa na wa juu yake usiku ule ule, na yeye pia ana sufuria jikoni. Tumeona mahali ambapo barua kama hii ilimpa msimamizi kitu cha kuonyesha huko juu, akafurahi kuipata.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kijiji chetu ni nani analala na simu ya kazi kichwani, na anaogopa nini akiizima? Ule muda uliookolewa na simu umekwenda kwa nani: kwa mfanyakazi, kwa jamaa yake, au kwa mwajiri? Mama akiwa na simu ya kazi, kazi gani za nyumbani baba na vijana wamezichukua? Watajeni kwa kazi zao, si kwa ahadi. Na katika kikundi chetu wenyewe, ni nani tunayemsumbua usiku?

Swali la mwisho lijibiwe kabla ya kufunga mkutano, mhusika akiwepo. Kisha kila mwenye simu ya kazi apewe mikebe yake miwili, aende nayo nyumbani, na mkutano ujao uanze kwa kumimina punje mezani.